Telecaster kama gitaa pekee: linapotosheleza na linapokwama

Muulize mkusanyaji kwa nini ana magitaa saba, atakwambia kila moja lina sauti yake. Ni kweli, ila si yote. Sehemu kubwa ya tofauti anayoisikia inatokana na nyuzi zilizochoka, kimo cha pikapu (sumaku zenye koili zinazogeuza mtetemo wa nyuzi kuwa umeme) na shingo ambayo hajaigusa tangu aliponunua. Ukiyaweka sawa hayo matatu kwenye magitaa yote saba, mawili au matatu yanabaki hayana kazi.

Kwa hiyo hapa ninaitathmini Telecaster, gitaa la umeme la Fender, kwa swali moja tu: je, mtu anayepiga dansi, rumba, benga na kwaya anaweza kubaki na hili peke yake akaridhika? Kwangu linatosha kwa solo na kwa rithimu. Kwa gitaa kavu, lisilotumia umeme, halitoshi. Kwa mi-kompoze, mtindo wa Kinshasa wa gitaa linalokaa kati ya solo na rithimu, linakwama, na sababu zake nitazieleza kwa kirefu kwa kuwa wengi huzigundua wakiwa wameshauza magitaa mengine.

Toleo ninalolisemea ni la kisasa: urefu wa uzi unaopigwa ni inchi 25.5, yaani milimita 648. Ubao wa vidole una mviringo wa inchi 9.5, daraja (kipande kinachoshika nyuzi upande wa mwilini) lina vidaraja vidogo sita, kila uzi na chake, pikapu mbili za koili moja, nobu ya voliumu na ya toni, swichi ya nafasi tatu. Gitaa hili lilianza kuitwa Telecaster mwaka 1951, na toka hapo mpangilio wake haujabadilika sana. Shingo imefungwa mwilini kwa skrubu nne, na kwa mtu mwenye gitaa moja hilo ni jambo kubwa: shingo ikipinda vibaya unabadilisha shingo, gitaa linabaki.

Kabla ya kuhukumu sauti, liweke sawa kwanza. Funga kapo (kibano cha nyuzi) kwenye freti ya 1, yaani kile chuma cha kwanza kilichokatiza ubao wa vidole, bonyeza uzi wa sita, ule mnene kuliko zote, kwenye freti ya mwisho, kisha pima mwanya kati ya uzi na freti ya 8. Uwe karibu milimita 0.25. Geji ya mwanya anayotumia fundi wa magari kwenye valvu inafaa kabisa kwa kazi hii. Mwanya ukiwa mkubwa, kaza chuma cha ndani ya shingo kwa kuzungusha kulia, robo ya mzunguko kwa mara moja, halafu tyuni tena ndipo upime. Ukinunua, tafuta ambalo chuma hicho kinarekebishwa upande wa kichwani. Yale ya mtindo wa kale yanarekebishwa kwenye kisigino cha shingo, na mara nyingi inabidi ufungue skrubu zote nne ili ufike.

Kisha ondoa kapo na weka kimo cha nyuzi kwenye freti ya 17: milimita 1.6. Anayepiga rithimu kwa mkono mzito apandishe hadi 2, la sivyo uzi wa sita utagonga freti. Pikapu nazo: bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho, acha milimita 2.4 upande wa uzi mnene na 2 upande wa uzi mwembamba. Hapa ndipo gitaa zuri linaposingiziwa ubaya. Pikapu ya shingoni ikikaribia nyuzi kupita kiasi, sumaku zake zinavuta uzi wa sita, na kuanzia freti ya 12 kwenda juu noti moja inasikika kama mbili zinazogombana. Mwenye gitaa anahangaika na tyuna wakati dawa ni bisibisi.

Sasa sauti. Pikapu ya daraja ina makali yanayotakiwa kwenye solo ya benga: noti fupi, kila moja imesimama peke yake, hazipotei chini ya besi na ngoma. Toni ikiwa 10 inachoma masikio. Mimi naiona sawa kati ya 6 na 7. Pikapu ya shingoni, toni ikiwa 5, ni ya rithimu ya rumba na nyimbo za taratibu. Swichi ikiwa katikati, pikapu zote mbili zinafanya kazi sambamba, na hiyo ndiyo sauti safi kuliko zote tatu. Kwa mipigo ya kuvunja kodi (noti kadhaa za pamoja) noti moja moja, sijapata kwenye gitaa lenye pikapu nene za koili mbili kitu kinachoizidi.

Kinachokosekana ni sauti nene, ile inayomfanya mkusanyaji awe na Les Paul, gitaa la Gibson, pembeni. Huhitaji kununua gitaa la pili kwa ajili yake. Fundi akuwekee swichi ya nafasi nne, ambapo nafasi ya ziada inaunganisha pikapu kwa mfuatano. Pikapu mbili za takriban kiloohmu 7 kila moja zikiwa sambamba zinasomeka karibu 3.5, zikifuatana zinasomeka karibu 14. Sauti inapanda, makali yanapungua, na ampi ndogo inaanza kukoroma mapema. Si Les Paul kamili, lakini ndani ya bendi ya watu wanane hakuna atakayelalamika.

Kosa la kawaida liko kwenye kifuniko cha chuma cha pikapu ya shingoni. Kifuniko hicho kimeungwa na waya hasi wa pikapu. Ukiweka swichi ya nafasi nne bila kuvitenganisha, kwenye mfuatano kifuniko kinakuwa sehemu ya njia ya sauti, na kila kidole kikikigusa kinaleta mvumo. Fundi akate kiungo hicho, alehemu waya wa tatu kutoka kwenye kifuniko hadi mgongoni mwa potensiometa ya voliumu. Afanye polepole: waya wa koili hauna hata unene wa milimita 0.1, ukikatika pikapu imekwisha. Akimaliza, sikiliza nafasi ya katikati. Ikitoa sauti nyembamba na tupu kama ya simu mbovu, nyaya za pikapu moja zimegeuzwa, zibadilishwe upande.

Wakati fundi yuko na chuma cha kulehemu mkononi, mwongezee kazi moja ndogo. Ukishusha voliumu kwenye gitaa hili, makali hupotea kabla ya sauti yenyewe kupungua, na rithimu inakuwa na ukungu. Kapasita ya mikrofaradi 0.001 na rezista ya kiloohmu 150, zikiwekwa sambamba kati ya miguu miwili ya voliumu, ule wa kuingiza na ule wa kutoa, zinatunza makali hayo. Ni vitu vya bei ndogo kabisa kwa fundi redio. Kwa mwenye gitaa moja, hapa ndipo ninapoona faida kubwa kuliko zote: unacheza solo voliumu ikiwa 10, unarudi kwenye rithimu kwa kushusha hadi 6, bila kugusa ampi.

Mvumo ni udhaifu halisi wa koili moja. Umeme wetu ni wa hezi 50, na kwenye kumbi zenye taa za mirija na nyaya zilizozeeka utausikia. Nafasi ya katikati inaufuta kwenye matoleo ambayo pikapu moja imezungushwa kinyume cha nyingine; uliza kabla ya kununua. Kufunika ndani ya mashimo kwa karatasi ya shaba, ikaungwa na hasi, kunapunguza kelele za taa na simu, lakini mvumo wa transfoma unabaki. Usichanganye mvumo na hatari: mvumo kupungua unaposhika nyuzi ni kawaida, ila ukipigwa na umeme mdomo unapogusa maikrofoni, acha kupiga hapo hapo. Waya wa ardhi (erthi) wa ukumbi au wa jenereta hauko sawa, na watu wamekufa hivyo.

Tatizo jingine ni mluzi mkali unapopandisha sauti karibu na ampi, usiobadilika hata ukizima nyuzi kwa kiganja. Hiyo ni koili inayotikisika. Dawa yake ni nta: sehemu nne za nta ya mishumaa na moja ya nta ya nyuki, ziyeyushwe kwenye sufuria iliyokaa ndani ya maji ya moto, si juu ya moto wenyewe kwa sababu nta inashika moto. Joto liwe karibu nyuzijoto 65 za Selsiasi, pikapu ikae dakika 15 hadi 20 mpaka viputo viishe. Likizidi sana, plastiki na gamba la waya vinaharibika.

Daraja lisilo na mkono wa kutikisa ndilo linalofanya gitaa hili liaminike likiwa peke yake. Kwenye gitaa lenye daraja linaloelea juu ya springi, uzi mmoja ukikatika nyuzi nyingine zote zinapanda na wimbo umeharibika. Hapa tano zilizobaki zinakaa palepale na unamaliza wimbo. Uzi wa kwanza ukiwa na tabia ya kukatikia mahali pale pale juu ya kidaraja, kuna ncha kali ya chuma. Ilainishe kwa msasa laini wa namba 1000 au zaidi. Na soketi ya waya pembeni mwa mwili, kwenye muundo wa asili, inashikwa na kipande cha chuma kilichobanwa tu kwenye mbao. Inalegea, inazunguka, halafu inakata nyaya za ndani. Kibati kinachofungwa kwa skrubu mbili kinamaliza jambo hilo moja kwa moja.

Gharama ya kubaki na moja ni uchakavu. Freti ya 1 hadi ya 5, chini ya nyuzi tatu nyembamba, huchimbika kwanza, na gitaa linalopigwa kila wiki halina mwenzake wa kupokezana naye. Fundi anaweza kuzisawazisha mara chache, baadaye lazima zibadilishwe. Pwani, kuanzia Tanga hadi Mtwara, Unguja na Mombasa, hewa ya chumvi inakula vidaraja kabla ya kitu kingine chochote. Pangusa nyuzi kila ukimaliza, na mara moja kwa mwezi gusa skrubu ndogo za vidaraja kwa pamba yenye tone la mafuta ya cherehani. Zikishika kutu, kesho hutaweza kurekebisha kimo. Ukilihamishia Dodoma wakati wa kiangazi, mbao zinakauka na shingo inabadilika. Lipe siku chache kabla ya kukaza chochote.

Gitaa kavu sitalijadili sana. Hakuna swichi wala pedali itakayokupa mwili wa mbao unaotetemeka kifuani. Kama unasindikiza kwaya pasipo umeme, unahitaji la pili, basi.

Mi-kompoze ndiyo mtihani wenyewe. Wapigaji wa Kinshasa huondoa uzi wa nne, D mnene, na kuweka uzi mwembamba unaotyuniwa D ya oktavu ya juu. Ndiyo inayotoa ule mng'aro kati ya solo na rithimu kwenye sebene, ile sehemu ya kasi ya wimbo. Kwa seti ya .010, yaani ambayo uzi mwembamba kuliko zote una inchi 0.010, uzi wa nne una unene wa inchi 0.026, na unaouweka mahali pake una 0.010. Matatizo yanakuja matatu pamoja.

La kwanza, mfereji kwenye mfupa wa kichwani (kipande ambamo nyuzi hupita zikielekea vitufe vya kutyuni) ulikatwa kwa uzi mnene. Uzi mwembamba unacheza ndani yake, unazama, na ukipigwa wazi unatoa mlio kama wa sitari. La pili, uzi mnene ulikuwa unavuta kwa zaidi ya kilo 8, mwembamba hauvuti hata 6, kwa hiyo shingo inasogea kidogo na nyuzi nyingine zinapanda. La tatu, uzi usiosokotwa unataka kidaraja chake kikae mahali tofauti. Linganisha noti ya freti ya 12 na ile ya kugusa uzi bila kubonyeza hapo hapo: ya kubonyeza ikiwa juu, rudisha kidaraja nyuma, ikiwa chini, kisogeze mbele. Kwenye daraja la vidaraja sita hilo ni la dakika mbili. Kwenye lile la kale la vidaraja vitatu, uzi wa nne na wa tatu zinashiriki kimoja, kwa hiyo ukirekebisha D, uzi wa tatu (G) unaharibika.

Unaweza kuchongesha mfupa wa pili wenye mfereji mwembamba na kuubadilisha nyumbani. Katikati ya onyesho haiwezekani, na bendi inayotaka mi-kompoze kwenye wimbo wa tatu na rithimu kwenye wa nne haitakusubiri.

Kwa hiyo anayepiga mi-kompoze abakishe magitaa mawili, na la pili si lazima liwe la gharama. Liwe na daraja lisiloelea, vidaraja sita, na mfupa uliokatwa mfereji wa nne kwa inchi 0.010 moja kwa moja. Angalia pia vitufe vya kutyuni: cha uzi wa nne kisiwe na mchezo, maana uzi mwembamba huonyesha kila ulegevu ambao ule mnene ulikuwa unauficha.