Gemu la kaseti nililonunua Mwanjelwa: bastola haiui bata, mbwa ananicheka, na muuzaji naye kanicheka

Naandika hii bado nina hasira kwa hiyo mtanisamehe nikirukaruka. Kuna duka moja la vifaa vya umeme pale Mwanjelwa, hapa Mbeya, jina silitaji, ila yule kijana muuzaji akisoma atajijua, ndo yeye aliyeniambia mbele ya wateja wanne "mkubwa, na umri huo umekuja kulilia toi?" Toi! Nimesimama na boksi kwapani, mvua inapiga nje, viatu vimejaa tope la stendi, na mvi zangu hizi mbili tatu kichwani, naambiwa nalilia toi.

Ngoja nirudi nyuma. Mwezi juzi hivi, au kabla ya hapo, nilikuwa napita natafuta chaja, nikainua macho nikaona kwenye shelfu la juu kabisa gemu la kaseti. Wa rika langu mnalijua, pad mbili (vile vishikio vya vitufe) za waya mfupi, bastola, na kaseti ya njano imeandikwa gemu 9999 wakati ukifungua ni gemu kama ishirini hivi zinajirudia kwa majina mengine, ukifika ukurasa wa tatu unakutana na Mario yuleyule ila kaanzishwa mbele kidogo. Yale magemu yote ni Nintendo za kuiga, yenyewe halisi ilitoka Japani 1983, ila sisi huku nani alijua neno Nintendo, tulikuwa tunasema "gemu" imetosha. Nikauliza bei, akasema 60,000, tukavutana mpaka 45,000, nikalipa bila hata kulijaribu. Hapo kosa langu, nakubali. Sikulijaribu kwa sababu nilikuwa nimeshapagawa, mtu ukikutana na utoto wako dukani huombi wakuchomekee kwanza.

Nilichokuwa nakitaka mimi ni bata. Duck Hunt, gemu la kuwinda bata kwa bastola. Contra ya askari sawa, vifaru sawa, ila nyumbani kwetu Iyunga mfalme alikuwa bata. Mzee alikuwa kashusha TV ya chogo, zile za zamani zenye mgongo mkubwa, kutoka upande wa Tunduma, na Tanzania bara TV zenyewe zimeanza kurusha 1994, huku kwetu mawimbi yalikuja kwa kuchelewa, kwa hiyo ile TV ilijua kanda za video na gemu kabla haijajua taarifa ya habari. Mwezi wa saba baridi ya Mbeya inavyokata, tumejifunika blanketi moja mimi na kaka yangu, adapta ya gemu inachemka balaa, tulikuwa tunaipakata kwa zamu tunaotea moto, mama akituona anapiga kelele mtaungua nyie. Kaseti ikigoma unaichomoa unaipuliza puuu unarudisha, inawaka. Baadaye sana nimekuja kujua kule kupuliza ndo tulikuwa tunaziua, ule unyevu wa mdomo unaozesha vile vyuma, na Nintendo wenyewe walikuwa wanakataza watu kupuliza. Ilikuwa inawaka kwa sababu umeichomoa na kuirudisha, basi. Lakini nani angetuambia, na tungeambiwa tungeamini? Mtaani kila mtu alikuwa na mpulizo wake, kuna jamaa yetu mmoja alikuwa anaitwa kabisa nyumba kwa nyumba kuja kupuliza, eti ana pumzi kavu.

Sasa turudi kwenye hasira. Nimefika nyumbani, nimemwita kijana wangu, ana miaka tisa, yeye ni wa gemu za simu, kaangalia akauliza "baba mbona picha ina viboksi boksi?" Nikamwambia kaa chini uone mambo. Nimechomeka kwenye flati yangu ya ukutani, picha safi, ule muziki wa mwanzo ukapiga, jamani nilitaka kulia. Mbwa akatoka ananusanusa, akaruka majanini, bata huyo. Nikavuta triga. Hamna. Mara ya pili hamna. Risasi zenyewe ni tatu tu, ya tatu nimesogea mpaka mdomo wa bastola unagusa kioo, nampiga bata usoni kabisa, hamna! Mbwa akainuka kwenye majani akanicheka. Mnamkumbuka yule mbwa, anaweka mikono mdomoni hii hii hii. Mtoto naye akacheka. Tumerudia kama nusu saa, bata hata mmoja hajafa, mbwa kanicheka mpaka nikazima.

Kesho yake nikarudi dukani, kwa heshima zote, nimesalimia, nikamwambia kijana hii bastola ni mbovu naomba unibadilishie. Hakuigusa hata kuigusa. Kanionyesha kibao bidhaa ikiuzwa hairudishwi, halafu akanipa lile la kulilia toi, na wale wateja wakacheka, na kuna mama mmoja alikuwa anaweka vocha naye akacheka, huyo ndo aliniuma zaidi maana nilimuona ni mtu mzima mwenzangu. Nikamwambia mdogo wangu mi siombi hela, naomba bastola inayofanya kazi. Kasema "mkubwa bastola inafanya kazi, labda wewe ndo hujui kulenga." HUJUI KULENGA. Mimi! Neno hilohilo ndo lilinitesa utoto mzima kule Iyunga.

Nimetoka pale nimeapa naandika kila mahali watu wasinunue. Na ningeishia hapo hii stori ingekuwa fupi na nyota zingekuwa sifuri.

Ila nikawaza labda ni waya umekatika ndani, nikapitia kwa fundi mmoja mzee kule Soweto ya hapahapa Mbeya, wa hawa mafundi wa zamani wenye soldarin na redio mia zimefunguliwa matumbo. Nimemweleza, kanisikiliza mpaka mwisho, kauliza kitu kimoja tu: "TV yako ni chogo au flati?" Nikasema flati. Kaiweka bastola mezani akasema "mwanangu, hii haitakaa ipige bata kwenye flati mpaka unakufa."

Na alinielewesha vizuri nitawaeleza kama nilivyomwelewa. Ile bastola haitoi kitu chochote, ni jicho. Ukivuta triga gemu linafanya kioo chote kiwe cheusi kufumba na kufumbua, halafu pale alipo bata panatokea kisanduku cheupe, na lile jicho la bastola linaangalia, likiona giza halafu weupe kwa muda uleule unaotakiwa basi bata kafa. Chogo inachora picha papo hapo, mstari kwa mstari, kama gemu linavyoituma. Flati inaipokea picha, inaichambua kwanza, inaipanga, ndo inaitoa, ni kuchelewa kidogo sana ambako wewe kwa macho hukuoni, ila bastola imeshafumba jicho imeondoka. Ni kama mtu kakubipu ukapokea kakata. Nikabaki nimeduwaa. Utoto mzima naamini kuna kitu kinatoka pale kwenye mdomo, tulikuwa hata hatukatizi mbele ya bastola!

Kwa hiyo bastola ilikuwa nzima. Yule kijana alikuwa sahihi bastola inafanya kazi. Hii iliniongezea hasira badala ya kuipunguza, maana kama anajua si angesema? Na kama hajui, anauzaje kitu hakijui halafu anamcheka mteja? Nani sa hivi ana chogo? Tangu wameanza kuzima analojia, Dar ndo ilianza mwisho wa 2012, watu wakahangaika na ving'amuzi, flati nazo zikaja zikashuka bei, chogo zote zikaenda stoo. Unauza bastola ya chogo kwenye nchi ya flati na humwambii mtu, huo si ni wizi? Au sio wizi, sijui, ila sio ustaarabu.

Fundi akaniambia tafuta, zipo. Nimetafuta kama wiki mbili. Nimeipata Uyole kwa mama mmoja mzee, ilikuwa jikoni imewekewa debe la maharage juu, kioo kimejaa moshi. Nikamwambia mama nauliza hiyo TV, akaniangalia, kasema "hii? Unataka kuifugia kuku?" kumbe kuna jirani yake alishafanya hivyo kwa chogo lake, katoa vitu vya ndani kaweka vifaranga. Kanipa kwa 10,000 na viazi nusu debe juu, ndo wazee wetu hao, kwake nimenunua TV nimeondoka na mboga, kule dukani nimelipa 45,000 nimeondoka na matusi. Uzito wake sasa! Dereva bajaji nilimlipa mara mbili na bado kalalamika mpaka Mafiat.

Nikaisafisha, nikaiwasha. Ule mlio wa mwanzo, tiii, mwembamba, mke wangu hausikii, mtoto anausikia mpaka anaziba masikio, mi nausikia kwa mbaaali kama unatokea Iyunga. Nikapitisha mkono kwenye kioo vinywele vikasimama. Nimechomeka gemu. Mbwa akanusa, akaruka. Nikavuta. BATA KAANGUKA. Nilipiga ukelele mpaka jirani kagonga ukuta. Kumi kwa kumi raundi ya kwanza. Hujui kulenga, eti.

Basi hapo nikasema hii nyota tano, nimsamehe yule kijana, maana bila yeye... halafu kikatokea kitu kingine. Mtoto alikuwa kashika pad namba moja, ile ya kuanzishia gemu, anaichezeachezea tu mkononi huku mimi nawinda, ile ya bata mmoja mmoja. Nikaanza kukosa. Bata anakata kona za ajabu, anashuka anapanda. Nikamwambia mwanangu leo bata wana wenge. Akasema "baba, mbona ni mimi namwendesha?" Nikasema acha utani. Kabonyeza kulia, bata kaenda kulia. Kabonyeza chini, bata kashuka.

Nilikaa chini. Pad namba moja. Miaka yote ile chini ya blanketi pad namba moja alikuwa anashika nani? Kaka. "Dogo we shika bastola mi nitakuanzishia." Ikiwa zamu yangu bata wana wenge, ikiwa zamu yake mi ndo naambiwa niipakate adapta isidondoke na pad iko chini kwake. Anayekosa anatoa andazi lake la asubuhi. Nimetoa maandazi mimi! Nimekunywa chai mkavu hiyo miaka sijui mingapi naamini sina shabaha, mpaka JKT walivyonipa bunduki nilikuwa natetemeka kwa sababu najijua.

Nikampigia palepale, yuko Makambako sa hivi na biashara zake. Nikamuuliza taratibu, kaka, ile pad namba moja. Kimya. Halafu akaanza kucheka, kacheka mpaka akakohoa, mkewe akachukua simu kauliza kuna msiba? Alivyorudi kasema "dogo, yani hivi mpaka leo ulikuwa hujui?" Kaka huyo ndo kanisomesha sekondari, siwezi kumfanya kitu. Kasema anakuja mwisho wa mwezi tucheze, nikamwambia njoo, pad namba moja nitashika mimi.

Sasa nyota nitoe ngapi. Gemu lenyewe kama una chogo nunua, kama huna usinunue, labda kama unataka Contra na vifaru tu ambavyo kwenye flati vinachezeka, ile siri ya Contra ya kubonyeza juu juu chini chini kushoto kulia kushoto kulia B A upewe roho 30 bado ipo nimeijaribu. Pad ni nyepesi kama karatasi, za zamani zilikuwa ngumu kuliko hizi, au mikono yangu ndo imekuwa mikubwa. Bei ni kubwa. Bei ni halali. Sijui. Duka msiende. Ila na lenyewe nimezunguka Mwanjelwa nzima mpaka Kabwe sijaona wengine wanaouza, kwa hiyo mkienda msiongee na yule kijana, subirini yule dada anayekaa kwenye mahesabu, ana adabu, na muulizeni akuchomekee kabla hujatoa hela hata kama moyo unaenda mbio.

Nilitaka kuishia hapo ila jana usiku kitufe cha B kwenye pad namba moja kimeanza kuganda, ukikibonyeza hakirudi. Kaka anakuja mwisho wa mwezi na hiyo ndo pad ninayoihitaji. Kwa hiyo Jumatatu inabidi nirudi palepale. Nitavaa kofia.