Baridi ya Njombe imefika: ununue nini cha kupasha chumba, na kipi ukiache dukani

Kamwene wadau. Kila ikifika mwezi wa sita watu waliohamia huku kikazi wananiuliza swali lile lile, ninunue nini chumba kipate joto. Afu wengi jirani anakuwa keshawajibu: washa jiko la mkaa nje, likikolea liingize ndani ulale. Kwangu hilo ndo la mwisho kabisa kwenye orodha, chini hata ya kuni, na naanza nalo sababu ndo linaloua.

Mkaa uliokolea hauna moshi, na hapo ndo mtego ulipo. Unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu (sio ile hewa ukaa ya mabadiliko ya tabianchi, hii ni nyingine), na ikiingia kwenye damu inang'ang'ania nafasi ya oksijeni kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Kichwa kinauma, mwili unalegea, unajisikia usingizi mtamu, basi. Mwaka wangu wa kwanza huku nililala na jiko chumbani, saa tisa usiku nikaamka nataka kutapika na miguu haina nguvu, nikatambaa mpaka mlangoni, hadi leo sijui kilichoniamsha ni nini. Na mkaa mbadala wa vumbi la mbao usikudanganye, muuzaji akisema hauna moshi anasema kweli ila sumu iko palepale. Pikia nje.

Sasa namba moja kwangu ni blanketi la umeme. Najua utacheka, lakini fikiria, usiku unataka joto wewe au unataka joto dari? Blanketi la wati 100 likiwaka masaa 8 ni uniti 0.8, hata shilingi 300 haifiki, na ndani halitoi chochote cha kuvuta. Hakikisha lina taimu ya kujizima, na usilikunje likiwa linawaka. Kwa mtoto mchanga hapana, yeye mvalishe.

Namba mbili hita ya umeme. Usilipie maneno ya kwenye boksi, hita ya wati 1,500 inatoa joto la wati 1,500 iwe ya bei gani. Mi napenda ile yenye mbavu yenye mafuta ndani, mafuta hayaungui yanapashwa tu, ikizimwa inabaki na joto kidogo. Ya feni inapasha haraka ila ukizima baridi inarudi hapohapo. Shida ni hela: masaa manne kila jioni ni uniti 6, kwa shilingi kama 350 kwa uniti hiyo ni 2,100, na kwa mwezi uniti 180, kwa hiyo kama uko kwenye ile bei nafuu ya uniti 75 sahau. Na ichomeke ukutani moja kwa moja, ekstensheni za bei rahisi zinayeyuka.

Tatu ni hita ya gesi, ile unayoweka mtungi kwa nyuma. Ikiwasha paneli moja inakula kama gramu 100 kwa saa, yani mtungi wa kilo 6 unakupa masaa 60 hivi, na umeme ukikatika inakuokoa. Masizi karibu hamna, ila inatoa naitrojeni dioksaidi inayokwaruza mapafu, mwenye pumu atakwambia, na kila kilo ya gesi inayoungua inamwaga zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke chumbani, ndo maana kuta zinalowa na kuota ukungu. Nunua yenye sensa ya oksijeni, ile inayoizima hita oksijeni ikipungua chumbani, lakini uliza kwanza kama inafaa, huku tuko juu hewa ni nyepesi na baadhi zinajizima zenyewe kila saa. Dirisha liache wazi kidogo, na usilale nayo inawaka.

Nne, jiko la kuni la chuma lenye bomba la kutoa moshi nje. Kama nyumba ni yako na fundi anajua kuziba maungio, hili lipandishe hata namba mbili, kuni huku zipo. Bila bomba usiliangalie: Shirika la Afya Duniani linataka vumbi laini lisizidi maikrogramu 15 kwa mita ya ujazo kwa masaa 24, na moto wa wazi ndani unaenda mamia. Kuni ziwe kavu, mbichi zinatoa moshi tu. Mabanzi ya misonobari sawa yakikauka, ila vipande vya nguzo za umeme zilizotiwa dawa, zile za kijani kijani, USICHOME, dawa ile ina aseniki, inatoka na moshi na nyingine inabaki kwenye majivu unayomwaga bustanini.

Tano mafuta ya taa, harufu, masizi, sumu ya benzini kwenye hewa, bei juu, tupite.

Na yeyote atakayechukua namba tatu au nne aongeze kengele ya kaboni monoksaidi yenye maandishi EN 50291 (kiwango cha Ulaya cha kengele hizi), geuza nyuma usome tarehe ya kuisha, sensa huzeeka na madukani zipo zilizokaa miaka.