Cherehani ya babu: miezi 8 ya kuikanyaga

Nilianza kuitumia kwa sababu ya shida. Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, mota ya cherehani yangu ikaungua, na sare za shule 40 ziko mezani hazijashonwa. Mama akasema, "Si ile ya babu yako ipo stoo?"

Ni Singer ya kukanyaga, modeli ya 15K. Hiyo K ni Kilbowie, kiwanda cha Clydebank kule Scotland kilichofungwa 1980. Namba iliyogongwa kwenye chuma inaanza na EF, kwa hiyo ilitengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1940, Mwingereza bado anatawala Tanganyika. Babu alishonea Korogwe, kwenye baraza ya duka la Mhindi: kitambaa kinauzwa ndani, fundi yuko nje, mteja anasubiri ngazini. Wengi walikuwa manamba wa mashamba ya mkonge. Mshahara ukitoka, kaptula za kaki zinashonwa mpaka taa ya chemli iishe mafuta. Cherehani ilikuwa ya mwenye duka. Babu aliinunua kidogo kidogo, ikamla miaka. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema wakoloni walituletea mashine, huwa nauliza: walimletea nani?

Haya, kazi yenyewe. Mshono umenyooka na haurukiruki. Jinzi iliyokunjwa mara nne inapita, unasikia tu chuma kikiguna. Sindano ni hizi hizi za cherehani za nyumbani, na bobini yake ya duara ipo kila duka la vifaa vya ushonaji. Matone machache ya mafuta asubuhi, basi.

Ila hairudi nyuma. Ukitaka kufunga mshono, inua mguu wa cherehani unaobana kitambaa, geuza kitambaa, shona tena. Na ukianza kukanyaga vibaya, gurudumu linazunguka kinyume, uzi unajisokota chini kama kiota cha ndege. Wiki ya kwanza nilifumua kola tatu. Mkanda nao: niliuziwa "ngozi" mjini, kumbe plastiki, ukawa unateleza kesho yake. Sasa nina wa ngozi kweli, nimeuunga kwa kipande cha waya.

Kwenye kanyagio kuna jina la Singer kwa herufi za chuma. Upande wa kulia zimelika, laini kama sabuni. Mimi nakanyaga upande wa kushoto.

Sare zilitoka siku mbili kabla ya shule kufunguliwa. Ya umeme bado iko kwa fundi, na sijaenda kuiulizia.