Kenge wa Komodo na nondo atlasi: majitu mawili ya Indonesia

Kila mmoja ni jitu katika jamaa yake. Kenge wa Komodo hufikia mita 3 na uzito wa kilo 70 au zaidi. Nondo atlasi akitanda mbawa hufikia sentimita 25 hivi, upana wa sahani ya wali.

Tofauti kubwa iko kwenye mlo. Kenge huyu, ndugu wa kenge wetu wa mitoni, huvizia kulungu, nguruwe na hata nyati. Zamani ilidhaniwa bakteria wa mate yake ndio wanaoua, mpaka utafiti wa 2009 ulipoonyesha tezi za sumu inayozuia damu kuganda. Kwa mlo mmoja anaweza kumeza hadi asilimia 80 ya uzito wake! Nondo aliyekomaa hali kitu, kwani kinywa chake hakifanyi kazi. Hutumia mafuta aliyojiwekea akiwa kiwavi, na wiki moja au mbili tu amekwisha. Kenge huweza kufika miaka 30.

Kwa uzazi, nondo jike hutoa harufu na dume huinusa kutoka mbali. Kenge jike anaweza kutaga mayai yakaanguliwa bila dume kabisa, jambo lililothibitishwa 2006 katika bustani za wanyama Uingereza.

Kwa ujanja, mimi nampa nondo. Ncha za mbawa zake zinafanana na kichwa cha nyoka, basi adui husita, ingawa mwenyewe hana jino wala sumu.