TAHADHARI: Anajiita fundi wa Wajima, anauza kabati za misumari

Ndugu zangu mnaoishi Japani, na ninyi mnaoagiza vitu kutoka huku: kuna muuzaji wa mtandaoni anayejiita fundi wa Wajima, mji wa rasi ya Noto unaosifika kwa vyombo vya mbao vilivyopakwa utomvu wa mti. Msimtumie hela. Mimi ameshanila yeni 86,000.

Anasema karakana yake ilianguka kwenye tetemeko la Noto la Januari 1, 2024, kwa hiyo anauza vilivyosalia kwa nusu bei. Tetemeko ni la kweli, na moto uliofuata uliteketeza mtaa wa soko la asubuhi pale Wajima. Kuna mafundi waliopoteza kila kitu. Huyu anakula kupitia msiba wao, na hilo ndilo linaloniuma kuliko hela.

Niliagiza kabati dogo la droo tatu, zawadi ya harusi ya mdogo wangu. Aliahidi sashimono, yaani ulimi wa ubao huu unaingia kwenye tundu la ule bila msumari, halafu linapakwa urushi, utomvu wa mti. Nilipofungua boksi nikapokewa na harufu ya thina. Nikapitisha sumaku pembeni mwa droo, ikanasa. Misumari minne, vichwa vimezibwa kwa gundi na unga wa mbao. Yale meno yaliyoonekana pichani yameumana vizuri ni mistari tu iliyochorwa kwa kisu! Nyuma nikakwangua kwa kucha, ukatoka unga. MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi.

Nilipomlalamikia akasema hiyo rangi ni kashu, "nayo ni urushi". Si kweli. Kashu ni rangi ya kiwandani itokanayo na mafuta ya maganda ya korosho. Sisi wa Mtwara tunayajua mafuta hayo, yanavyobabua mikono ya mama zetu wakibangua. Si rangi mbaya, ila bei yake ni ya chini kuliko ya urushi. Mti wa urushi hulelewa miaka kumi na zaidi ndipo ugemwe, ukatoa kama gramu 200 tu. Na urushi haianikwi juani. Hukomaa kwenye unyevu, tabaka baada ya tabaka. Huyu aliniambia kabati zima linakamilika kwa wiki moja. Hapo ndipo ningeshtuka.

Kabla ya kulipa, dai picha za ndani ya droo, mgongo na chini, na akuandikie rangi ni ipi: urushi, kashu au uretani (rangi ya plastiki). Sheria ya huku inamtaka muuzaji wa mtandaoni aonyeshe jina, anwani na simu. Huyu hakuwa na hata kimoja, na akaunti ya benki ilikuwa ya mtu binafsi. Msitegemee ile haki ya kughairi ndani ya siku nane wanayopewa walionunua kwa wauzaji wa mlangoni, kwenye ununuzi wa mtandaoni haipo. Mkishaumia, pigeni 188, simu ya walaji. Mimi nimepiga, wananisaidia kuandika madai.

Juzi ameibuka na jina jipya. Picha ni zile zile: mzee mwenye kitambaa cheupe kichwani, ameinamia randa.