TAHADHARI: Muuza "dawa ya sukari" mnadani Msalato, kile kipimo chake ni mchezo

Wanadodoma, hasa wenye wazee wa sukari nyumbani, kuna jamaa ana spika, Jumamosi utamkuta mnada wa Msalato, siku nyingine mitaa ya Majengo, anauza unga wa kahawia kwenye kopo halina hata lebo, elfu 35, anasema ni mbegu za zambarau na mlonge na eti "imeshafanyiwa utafiti". Utafiti wenyewe anakufanyia palepale na kimashine, watu wanaingia kingi.

Anakukaribisha zabibu kwanza, mji huu zabibu nani atashtuka, unakula vidole vinanata, hapohapo anakutoboa bila kukunawisha. Ile sukari ya kwenye ngozi inaingia kwenye stripu, kimashine kinasoma 17, roho inakuruka. Unalamba kijiko cha unga, anakwambia kazunguke urudi, safari hii anakufuta kidole na spiriti kweli kweli, inasoma 7, makofi! Shangazi alipimwa hivyo, nimesimama nyuma yake naona. Na hata bila zabibu, aliyetoka kula, sukari yake hushuka tu baada ya saa kadhaa.

Karatasi yake ya muhuri aliyoilaminisha nimeisoma kwa karibu, ni kopi, imeandikwa dawa ya kikohozi. Mwambie akuonyeshe cheti cha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala uone anavyobadilisha mada.

Sisemi miti haitibu, metformin yenyewe, kile kidonge cha sukari cha hospitali, chimbuko lake ni mmea, Galega, Ufaransa wakaanza kuitumia 1957. Ila dawa inapimwa kwa watu wengi, wengine wanapewa wengine hawapewi, na wanaangalia HbA1c, kipimo cha damu kinachoonyesha sukari ya kama miezi mitatu, sio ya dakika arobaini mnadani.

Shangazi aliutumia pamoja na vidonge vyake, usiku jasho, anaongea hovyo, hospitali wakakuta sukari imeshuka mpaka 2.3. Daktari akauliza kama unga umechanganywa vidonge, maana Singapore 2008 dawa za mtaani za nguvu za kiume zilikutwa na glibenclamide, dawa ya hospitali ya kushusha sukari, watu wakafa kwa kushuka sukari. Huyu jamaa anawaambia watu waache hata insulini, jamani, mtu wa insulini akiacha anaweza kufa ndani ya siku chache tu.

Mwenye kopo asilitupe, la shangazi nalipeleka TMDA, mamlaka ya dawa, Jumatatu, yakiwa mengi itasaidia.