Rondo mara mbili: wakala mwenye kiyoyozi na babu asiye na darubini

Mara ya kwanza nilikwenda kutazama ndege Rondo, msitu wa nyanda za juu mkoani Lindi, mwezi Agosti, kwa safari ya siku moja iliyoandaliwa na wakala mmoja wa hapa Mtwara. Gari zuri, kiyoyozi, maji ya chupa. Tulikubaliana kuondoka saa tisa usiku. Dereva akafika saa moja asubuhi, anacheka. Tukapita Mingoyo, tukashika barabara ya Masasi, tukaacha lami na kuanza kupanda. Kuingia msituni, saa tano. Hata aliyefuga kuku tu anajua saa tano ndege wako wapi: kivulini, kimya. Nikaona hondohondo wawili na vumbi. Mwongozaji alikuwa huyo huyo dereva. Kila ndege niliyemuuliza alimtafuta kwenye simu, na mtandao wenyewe hakuna.

Nilikasirika, sikatai. Lakini mwisho wa Novemba nikarudi, safari hii peke yangu.

Nilianzia kwa watu wa misitu, nikalipa kiingilio na kupewa risiti. Rondo ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS, wakala wa serikali wa huduma za misitu, huingii tu kama shambani kwa shangazi. Nikalala kijijini, nikatafutiwa mzee mmoja Mmwera aliyewahi kupasua mbao humo enzi za ujana wake. Nikamwita babu, akaniita mjukuu wangu, tukaelewana.

Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa ndani. Babu hana darubini wala kitabu. Anatembea, anasimama, anainua kidole. Msitu ule umefunga, na ndege wengi ni wadogo wanaokaa juu kwenye majani. Ukianza na macho utaumwa shingo bure. "Usimtafute," akaninong'oneza. "Ngoja aite tena." Akaita tena. Nikamwona: kadege keupe na keusi, kana kitambaa cheusi machoni kama jambazi, kanarukaruka kwenye matawi ya kati pamoja na kundi la ndege wengine. Jina lake la kisayansi ni Batis reichenowi. Jina hilo alipewa na Mjerumani Grote mwaka 1911, kutokana na ndege wa Mikindani. Mikindani! Napita pale kila wiki kununua samaki, na ilibidi nipande hadi karibu mita 900 kwa babu ndipo nimjue.

Mchana sina la kusimulia. Tulikula ming'oko, vile viazi pori, kwa chumvi, nikalala.

Usiku ndio ulionirudishia pesa yangu yote. Babu alifunga tochi kwa nailoni nyekundu, maana mwanga mweupe huwakimbiza komba. Komba wa Rondo ana gramu 60 hivi, sawa na yai la kuku, na mkia wake ni kama brashi ya kuoshea chupa. Wanasayansi walimtambua rasmi kama spishi ya peke yake mwaka 1997 tu, na anaishi kwenye vipande vichache vya misitu ya pwani, vingine huku Lindi, vingine kama Pugu na Pande karibu na Dar. Tulisikia sauti yake kwa karibu saa nzima, mara huku mara kule. Halafu macho mawili, tawi likatikisika, mkia, basi. Sekunde nne. Nikishakunywa uraka, pombe ya mabibo, huwa nasema kumi.

Kasoro zipo. Babu anakwenda mbio na hasubiri mtu wa picha. Bei haina utaratibu. Mimi nilianza kuulizia baada ya kazi na ikawa aibu kwa wote wawili, kwa hiyo patana naye kabla. Siafu walinipanda hadi kiunoni. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshaanza, na bodaboda ya kushuka ilitutupa kwenye tope mara mbili. Ndege anayeitwa pitta, ambaye huja pwani msimu huo na ndiye hasa aliyenipeleka, hakutokea, ingawa babu alimwigiza mpaka akakohoa.

Wakala bado ananitumia matangazo ya safari za Rondo. Mimi Januari, barabara ikiruhusu, nakwenda Litipo, ule msitu ulio kati ya ziwa Rutamba na Tandangongoro, ambako komba huyo huyo yupo. Babu anasema ana shemeji yake huko. Bei tumeshapatana.